Nambari ya ubongo isitolewe bila ya picha yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyotoka gazetini mwako wiki mbili zilizopita kuhusu programu za kompyuta zinazoutenga ubongo katika picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku. Mwandishi wa makala ile alieleza kwamba kazi hiyo sasa hufanywa kwa dakika chache, kwamba haihitaji tena mkono wa mtu, na kwamba nambari inayotoka mwishoni ndiyo ukubwa wa ubongo wa mgonjwa. La kwanza ni kweli. La pili ni nusu ya kweli, kwani programu hizo kweli haziombi mkono, lakini zinahitaji macho. La tatu si kweli, na kwa kuwa nimeshuhudia familia moja hapa Pemba ikifurahia nambari ya aina hiyo pasipo na sababu ya kufurahi, nimeona si vyema ninyamaze.

Mimi si daktari. Ni fundi wa kompyuta hapa Chake Chake, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa utafiti kuzitayarisha picha za vichwa wanazozipata kwenye sidii kutoka Unguja na Dar es Salaam. Sisomi maradhi katika picha, na yeyote anayenijia na sidii yake kuniuliza anaumwa nini humrejesha kwa daktari wake. Ninachokijua ni pale programu inapokata vibaya, kilichoifanya ikate vibaya, na la kufanya baada ya hapo.

Kazi yenyewe haiko mbali na kufua nazi. Picha ya MRI huja na kila kilichomo kichwani: ngozi, mafuta, misuli ya taya, macho, fuvu, utando mgumu ulio chini ya fuvu, maji yanayouzunguka ubongo, na mara nyingi shingo nzima mpaka mabegani. Anayetaka kuupima ubongo peke yake lazima kwanza ayatoe makumbi na kifuu, abakiwe na nyama tupu, na wakati huo huo asiimegue nyama ikaondoka na kifuu. Na sote tunajua kuwa nazi hazifanani. Nyama ya koroma imeshikana na kifuu chake, ilhali mbata imekwisha kujibandua na ukiitikisa huisikia ikigonga ndani. Vichwa navyo ni hivyo hivyo. Ubongo wa kijana umejaa ndani ya fuvu, na maji yaliyopo baina ya viwili hivyo ni kama utando tu. Ubongo wa mzee wa miaka 80 umenywea, na nafasi iliyobaki imejaa maji. Programu iliyopangwa kwa kichwa cha kwanza inaweza kukosea katika cha pili bila ya kutoa onyo lolote kwenye kioo.

Programu wanayoitumia zaidi wanafunzi wangu ni BET, iliyomo katika mkusanyiko wa FSL uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ambao hutolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mtungaji wake, Stephen Smith, aliieleza kwa maandishi mwaka 2002, na wazo lake ni jepesi kiasi cha kunishangaza kila ninapolifikiria. Picha imejengwa kwa vokseli, yaani vijitofali vidogo vidogo, na kila kimoja kina kiwango chake cha mwanga. Programu huuangalia kwanza mwanga wa vokseli zote, ikaziweka kando asilimia 2 za chini kabisa na asilimia 2 za juu kabisa ili isihadaiwe na vidoa. Kisha hukisia kitovu cha kichwa ni wapi na kichwa chenyewe kina upana gani. Hapo kitovuni hupuliza puto, yaani tufe lililofumwa kwa pembetatu nyingi, ambalo hutanuka hatua kwa hatua, kila nukta yake ikipima kama iliyo mbele yake ni rangi ya ubongo au ni giza la maji na mfupa; na baada ya hatua 1,000 puto huwa limejilaza juu ya uso wa ubongo. Kilichobaki ndani huitwa ubongo. Ramani yake ya sifuri na moja huitwa barakoa.

Msomaji ataona kwamba hakuna pahala katika maelezo hayo ambapo programu imejua ubongo ni kitu gani. Inajua mwanga, inajua giza, na inajua kitovu. Karibu kila kosa nililowahi kuletewa limetokana na kimojawapo cha vitu hivyo vitatu kuwa si pale programu inapokitarajia, na ndiyo maana humkataza mwanafunzi kuigusa mipangilio kabla ya kuifungua picha yenyewe na kuitazama.

Nitoe mfano. Usiku mmoja mwanafunzi mmoja alinijia na kompyuta yake mkononi, akaniambia, "Fundi, huyu ubongo wake umeota shingo." Alikuwa amesema kweli. Barakoa yake ilianzia katikati ya kichwa, ikashuka mpaka kooni, ikayachukua macho yote mawili na kipande cha ulimi, huku utosi ukiwa umeachwa nje. Alipoiuliza kompyuta ujazo wa kilichomo, alipewa mililita 2,140, ambapo ubongo wa mtu mzima kwa kawaida huwa baina ya mililita 1,000 na 1,500 hivi. Alikuwa ameshughulika na chaguo liitwalo f kwa saa mbili. Chaguo hilo ni kizingiti kinachokwenda kutoka 0 mpaka 1, na usipoliandika programu huchukua 0.5; ukilipunguza, puto hutanuka zaidi, na ukiliongeza, hukaza. Yeye aliona utosi umekatwa, akalipunguza hadi 0.3 ili upate kuingia. Utosi haukuingia, shingo ikaongezeka. Akalishusha hadi 0.2, na hapo ndipo macho nayo yalipoanza kuhesabiwa kuwa ubongo.

Kosa halikuwa katika f hata kidogo. Picha yake ilichukuliwa kutoka utosini mpaka mabegani, na kitovu cha kichwa kilichounganishwa na shingo hakiko katikati ya ubongo. Kiko chini, karibu na kaakaa. Puto lilipuliziwa mdomoni. Katika hali hiyo hakuna kizingiti kitakachosaidia, kwa sababu anayeanzia kaakaani hufika kooni kabla ya kufika utosini. Tulichofanya ni kuikata shingo kwanza, neno ambalo huwashtua wageni wanaolisikia wakiwa mlangoni. Ndani ya FSL mna programu ndogo iitwayo robustfov, ambayo huacha milimita 170 kutoka juu ya kichwa na kuliondoa lililobaki. Baada ya hapo tukairejesha f pale pale kwenye 0.5, tukaongeza chaguo la R linaloifanya programu ikitafute kitovu upya mara kadhaa hadi kitulie, na barakoa ikakaa vizuri isipokuwa kidogo chini ya paji. Kwa hapo palitumika chaguo la g, ambalo likiwa chanya huipanua barakoa upande wa chini na kuibana upande wa juu, na likiwa hasi hufanya kinyume chake. Kazi nzima, kuanzia kuikata shingo, haikuzidi nusu saa, na zaidi ya nusu ya muda huo tulikuwa tunatazama tu.

Nisije nikaonekana ninawacheka wanafunzi, nieleze na langu. Kuna chaguo la c linalomruhusu mtumiaji akitaje kitovu mwenyewe, na mimi nilipoteza Jumamosi nzima kwa ajili yake. Kitazamio cha picha huonesha mahali ulipobonyeza kwa njia mbili: kwa hesabu ya vokseli na kwa milimita. Nilibonyeza katikati ya ubongo, nikazinukuu nambari za milimita, ambazo zilikuwa zinakaribia sifuri zote tatu, nikaipa programu. Nayo huzitaka za vokseli. Sifuri tatu za vokseli ni pembe ya chini kabisa ya picha, nje ya kichwa, hewani. Programu ilipuliza puto lake huko, ikamaliza hatua zake kwa utiifu mkubwa, ikaniletea faili tupu. Na mimi nikadhani faili limeharibika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika asubuhi ile. Nililifungua upya mara tano. Maelezo ya programu yenyewe yanasema wazi kwamba hesabu hiyo ni ya vokseli na si ya milimita, lakini ni nani asomaye maelezo ya kitu anachodhani anakijua?

Kosa jingine linalorudiwa sana ni kuyawasha machaguo yote kwa pamoja kwa dhana kwamba dawa nyingi huponya haraka. Chaguo la R, lile la B linalosafisha shingo na kurekebisha mwanga usio sawa, na lile la S linaloondoa macho na mishipa yake, haviandikwi pamoja. Ni ama hili ama lile.

Mwanga nao una vituko vyake. Katika mashine nyingi upande wa kichwa ulio karibu na antena hung'aa zaidi kuliko katikati, na jicho la mtu huizoea tofauti hiyo mara moja, lakini programu huichukulia kuwa ni tofauti ya vitu. Dawa ya jambo hilo ni kuusawazisha mwanga kabla ya kukata, na programu ya N4, iliyoelezwa mwaka 2010, hufanya kazi hiyo vizuri. Gumu zaidi ni picha zilizopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa yenye gadolini. Dawa hiyo humsaidia daktari kuona uvimbe, lakini huufanya utando mgumu na mishipa ya damu ing'are kuliko ubongo wenyewe, na puto likifika hapo halioni ukuta wa giza wa kulizuia, likatoka nje. Mara nyingi mfululizo wa picha uliopigwa kabla ya dawa umo katika sidii ile ile. Kinachotakiwa ni kuyasoma majina ya mifululizo badala ya kuchukua faili kubwa kuliko mengine, jambo ambalo wanafunzi hulifanya kila mwaka, pamoja na kuchukua zile picha chache za mwanzo ambazo mpigapicha huzipiga kwa ajili ya kupanga kazi yake tu.

Picha za siti skani, yaani zile zinazopigwa kwa eksirei na kuunganishwa na kompyuta, ni mlango mwingine kabisa, nami nalitaja hili kwa sababu wagonjwa wengi wa kwetu hupata siti skani na si MRI. Humo mfupa ndio unaong'aa kuliko vyote, na kipimo chake kina maana maalumu: maji ni 0, hewa ni 1,000 chini ya sifuri, mfupa mgumu hufika 1,000 na zaidi, na ubongo wote umo ndani ya kijinafasi cha baina ya 0 na 100. Ukiipa BET picha kama ilivyo, inaweza kukuletea fuvu safi kabisa na kukuambia kuwa huo ndio ubongo. Njia ninayoitumia ni kuondoa kwanza kila kilicho nje ya 0 na 100, kuilainisha picha kidogo, kisha kuishusha f hadi 0.01. Kwa MRI nambari kama hiyo ingekuwa wendawazimu. Kwa siti skani ndiyo inayofanya kazi.

Mwandishi wa makala angeweza kunijibu kwamba nazungumzia programu ya zamani, na kwamba sasa zipo zilizofundishwa kwa mifano. Zipo, nami ninazitumia kwa shukrani. HD-BET ilitoka mwaka 2019 ikiwa imefundishwa kwa picha za hospitali, zikiwemo za wagonjwa wenye uvimbe, na SynthStrip ya mwaka 2022, iliyotoka kwa watu wa Boston wanaotengeneza FreeSurfer, mkusanyiko mwingine wa programu za picha za ubongo, ilifundishwa kwa picha za kubuni zenye kila aina ya mwanga, kiasi kwamba haijali sana kama picha ni ya MRI ya aina hii au ile, au hata siti skani. Kichwa kilichomshinda mwanafunzi wangu kwa saa mbili, SynthStrip ilikimaliza kwa muda wa kupika chai. Lakini nayo huleta barakoa, na barakoa ni mpaka tu. Mpaka ukiwa sahihi haumaanishi kwamba kilichomo ndani ni kile ulichokiandika kwenye karatasi, na hapo ndipo lilipo shauri langu.

Mapema mwaka huu bibi mmoja alikuja na karatasi. Mjukuu wake, mtoto wa chini ya miaka 2, ana maradhi ya kichwa maji, na familia ilikubali picha zake zitumike katika utafiti mmoja ambao sitautaja. Watafiti, kwa nia njema bila ya shaka, waliwapelekea wazazi karatasi ya shukrani yenye mstari mmoja wa matokeo: ujazo wa ubongo, nambari, na maneno kwamba ni zaidi ya wastani wa umri wake. Bibi aliishika karatasi kwa mikono miwili akaniuliza, "Mwanangu, wasema ubongo wa mjukuu wangu mkubwa kuliko wa wenziwe. Si ndiyo akili hiyo?"

Sidii ilikuwamo mkobani mwake. Niliifungua picha, nikatengeneza barakoa kwa programu mbili tofauti, nikaziweka juu ya picha. Zote mbili zilikuwa safi. Mpaka ulipita pale unapopaswa kupita, utosini, kisogoni, chini ya paji. Ndani yake, vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo vilikuwa vimevimba hadi vikaijaza sehemu kubwa ya kichwa, na ubongo wenyewe ulikuwa umesukumwa pembeni, mwembamba kama nyama ya dafu. Programu haikukosea. Kazi yake ni kuchora mpaka wa nje, na maji yaliyomo ndani ya mpaka huo huyahesabu pamoja na ubongo, kwa sababu hakuna aliyeiambia iyatoe. Aliyekosea ni mtu aliyeuchukua ujazo wa barakoa akauita ujazo wa ubongo, na nina hakika hakuitazama picha, kwani aliyeitazama hata kwa dakika moja asingeweza kuandika maneno yale.

Kulikuwa na hatua moja iliyorukwa. Baada ya barakoa, picha hupitishwa katika programu nyingine, na kwa wanaotumia FSL huwa ni FAST, inayogawanya kilichomo katika makundi matatu: maji, sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe. Kwa mtoto mchanga hapa pana mtego wa ziada, kwani katika miezi ya mwanzo ya maisha sehemu ya kijivu na nyeupe hubadilishana mwanga kwenye picha ya T1, ile aina ya MRI ambayo maji huonekana meusi, ukilinganisha na mtu mzima, na katikati ya mwaka wa kwanza hufanana hata zisitenganike, kwa hivyo programu iliyokusudiwa watu wazima huzichanganya. Lakini maji hubaki kuwa ndiyo meusi kuliko vyote, na kuyatoa maji peke yake kunawezekana. Mtafiti angepata nambari mbili badala ya moja, na hizo mbili zingemwambia hadithi iliyo kinyume na aliyoiandika.

Nilimwambia bibi kwamba nambari ile imehesabu maji pamoja na ubongo, kwamba mimi si wa kumweleza hali ya mtoto, na kwamba jibu lake liko kwa daktari anayemtibu. Alinyamaza kidogo, akaikunja karatasi mara nne, akaitia katika pindo la kanga na kulifunga fundo. Kisha akaniuliza, "Basi mbona wakaandika ubongo?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Ninalo la kuwapa wanaofanya kazi hii, nalo ni la kiutaratibu tu. Barakoa iwekwe juu ya picha kwa rangi inayopenya, na mtu aipitie kipande kwa kipande katika pande zote tatu: ya kutoka mbele, ya ubavuni na ya kutoka juu. Macho yaelekee hasa kwenye utosi, kwenye sehemu iliyo juu ya mboni, kwenye ncha za ubongo zilizo karibu na mashavu, na kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, kwani hapo ndipo programu zote hukosea kwanza. Kwa kichwa kimoja ni dakika mbili au tatu. Ikibidi kuchagua, mimi huona heri kubakisha kipande cha utando kuliko kukata kipande cha ubongo, maana kilichobaki kinaweza kuondolewa baadaye, lakini kilichokatwa hakuna hatua inayofuata itakayojua kwamba kilikuwapo. Wako wenzangu wasiokubaliana nami katika hili, hasa wanaopima unene wa sehemu ya kijivu, ambao utando uliobaki huwaharibia hesabu, nao wana hoja.

Mipangilio nayo iandikwe. Iwapo wagonjwa 20 wamekatwa kwa f ya 0.3 na watu wenye afya 20 wamekatwa kwa 0.5, tofauti itakayoonekana baina yao itakuwa imetengenezwa na fundi. Anayelazimika kubadilisha kizingiti kwa kichwa fulani afanye hivyo bila ya kujua kichwa hicho ni cha kundi gani, na aandike amebadilisha kutoka ngapi kwenda ngapi.

Kuna na suala la kulia na kushoto, ambalo ni fupi lakini baya. Picha nyingi za hospitali huoneshwa upande wa kulia wa mgonjwa ukiwa kushoto mwa mtazamaji, na kuna programu zinazoonesha kinyume. Mwanafunzi anayeona kichwa kimelala upande hutafuta amri ya kukigeuza, na akikosea huugeuza ubongo kama kioo kinavyogeuza maandishi, na ubongo uliogeuzwa hivyo unafanana kabisa na ubongo mzima. FSL ina amri iitwayo fslreorient2std ambayo huigeuza picha kwa robo za mzunguko tu bila ya kuibadilisha kulia kuwa kushoto, na hiyo ndiyo ninayowaelekeza. Vituo vingine vya utafiti hubandika kidonge cha vitamini E kwenye upande wa kulia wa kichwa kabla ya kupiga picha, kwa sababu mafuta yake hung'aa. Ni hila nzuri, ila kidonge hicho huondoka pamoja na makumbi, kwa hivyo atakaye kukiangalia akiangalie kabla ya kukata.

Na kwa kuwa nimelitaja la sidii, niwaombe wanafunzi waache kuzituma picha za vichwa katika makundi ya simu. Jina na tarehe ya kuzaliwa huwamo ndani ya faili la hospitali hata pale yasipoonekana kwenye kioo, na kuyafuta hayo bado hakutoshi, kwa sababu sura ya mtu inaweza kujengwa upya kutokana na ngozi iliyomo katika picha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliipa programu ya kutambua nyuso picha za MRI za watu 84, na watu 70 kati yao walitambuliwa sawasawa kwa kulinganishwa na picha zao za kawaida. Anayelazimika kumwonesha mwenziwe kazi yake atume ubongo uliokwisha kutengwa, ambao hauna uso.

Nirudi kwenye makala yako, Ndugu Mhariri. Ilikuwa na nambari moja iliyoandikwa kwa herufi nene, ikielezwa kuwa ni ujazo wa ubongo wa mzee mmoja, pamoja na picha ya mashine. Mashine sote tumekwisha kuiona. Naomba mwandishi, kama anaweza kuwarudia waliompa nambari hiyo, awaulize na atuandikie picha ilikuwa ya aina gani, ilikatwa kwa programu ipi na kwa kizingiti gani, nani aliitazama barakoa, na maji yamo katika hesabu au hayamo. Na kama nafasi itaruhusu, gazeti lichapishe kipande kimoja cha picha yenyewe, mstari wa mpaka ukiwa umechorwa juu yake, kwa idhini ya mzee.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Chake Chake, Pemba